Mshirika Tangu Machi

6 Februari

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini goti lako linakusikiliza siku hizi, na kwamba wewe na Mama mmepatana kuhusu dirisha la sebuleni, nani alifungue na nani alifunge. Sisi huku wazima. Mke wangu ameongezewa madarasa mawili ya kemia, anarudi nyumbani ananuka maabara. Mjukuu wako amepoteza jino la mbele, na sasa kila "s" yake inatoka na upepo.

Sasa habari yenyewe. Kaa kwanza. Kuanzia tarehe mosi mwezi huu mimi ni Wakili Mwandamizi. Barua imesainiwa na Mzee Tai mwenyewe, mwanzilishi wa kampuni. Jina hilo tumempa sisi wafanyakazi, kwa kuwa hata siku ya joto kali hajawahi kuonekana bila tai shingoni.

Shangazi, hebu tazama nilikotoka. Miaka kumi na moja iliyopita niliingia hapa kama mwanafunzi wa mafunzo. Waombaji walikuwa mia mbili na ushee, wakachukuliwa wawili, na mmoja wao ni mimi, kwa matokeo yangu tu. Nilikaa meza moja na mashine ya fotokopi. Ikiwashwa, chai yangu inatetemeka. Nikawa Wakili Msaidizi, nikapata kiti. Nikawa Wakili kamili, nikapata kabati lenye ufunguo. Sasa nimepata chumba. Kina mlango. Dirisha hakina, lakini nimeelezwa kwamba dirisha huja na cheo kinachofuata.

Kuhusu upasuaji wa jicho la Mama, nimeomba likizo. Nitafika tarehe kumi Machi na nitakaa mpaka atakapoona vizuri.

Wako mtiifu,
Mwanao, Wakili Mwandamizi


19 Februari

Mwanangu Mwandamizi,

Marahaba. Goti linanisikiliza linapotaka. Dirisha tumelipatia suluhisho: mchana ni la mama yako, jioni ni langu, na kila mmoja anamwombea mwenzake mafua. Mpe mjukuu wangu pole ya jino. Mwambie aendelee na upepo huohuo, mawakili wengi wanaishi kwa upepo na meno yote wanayo.

Barua yako nimemsomea mama yako mara mbili. Mara ya kwanza alilia kwa furaha. Mara ya pili aliuliza kama mshahara ni uleule, nikamwambia hujaandika, akasema basi ni uleule.

Mimi, kama ujuavyo, nimekaa miaka thelathini na miwili masjala ya mahakama nikipokea makaratasi ya mawakili kupitia kidirisha kidogo. Nimewaona wa kila cheo. Msaidizi anabeba mkoba wa wakili, wakili anabeba mkoba wa mwandamizi, na mwandamizi anabeba lawama. Halafu neno lenyewe, mwandamizi, ni mtu anayeandama. Wewe unamwandama nani? Huyo Mzee Tai? Nami kila nikisoma jina lake najiuliza ni tai ya shingoni au tai yule anayezunguka angani akitazama nani ameanguka.

Ya kwamba ulichukuliwa kwa matokeo yako tu, sina la kusema.

Mlango nimefurahi umeupata. Mlango una faida, mtu anaweza kutokea.

Njoo Machi. Mama yako ameshaanza kuwaambia majirani kwamba jaji anakuja kumuuguza.

Shangazi yako


14 Aprili

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nilifika salama. Asante kwa siku zote zile kumi na nane. Mwambie Mama asiache kuvaa miwani myeusi nje, hata kama anasema inamfanya afanane na mpelelezi. Mke wangu anauliza kama ni kweli nilikuwa namtilia dawa ya jicho mara sita kwa siku. Haamini kwamba naweza kuamka saa kumi na mbili asubuhi kwa hiari yangu.

Niliporudi ofisini nilikuta kimya cha ajabu. Katibu muhtasi anaongea kwa kunong'ona. Mwenye kiwanda cha magodoro, ambaye ndiye mteja wetu mkubwa, alikuja wiki iliyopita akapiga ngumi meza ya mapokezi mpaka kikombe cha kalamu kikaanguka. Faili lake analishughulikia Mzee Tai mwenyewe, kwa hiyo sikuuliza.

Jambo moja la kuchekesha. Mzee Tai aliniita, nikadhani ni kazi, kumbe anauliza hali yako. "Shangazi hajambo? Bado ana kumbukumbu nzuri?" Nikasema unakumbuka mpaka rangi ya viatu vya watu. Akacheka, lakini cheko lenyewe halikumfika machoni. Kwani mnajuana vipi?

Mwanao


2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako sasa anaona vizuri kupita kiasi. Ameona vumbi juu ya kabati langu, ameona mvi zangu, ameona kwamba jirani amepaka nyumba rangi aliyoiita ya ugonjwa. Tulikuwa na amani zaidi alipokuwa haoni.

Dada yako alipita hapa. Anajifunza kuendesha gari, na mwalimu wake ameomba likizo.

Umeuliza kuhusu mimi na Mzee Tai. Mawakili wote walipita kidirishani kwangu, naye alipita. Karani anajuana na kila mtu na hajuani na mtu. Umeniandikia kurasa mbili na hukusema kama ule mguu wa kiti chako ulionilalamikia Machi umeshatengenezwa.

Shangazi yako


9 Agosti

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya cha miezi mitatu. Mjukuu wako sasa anasoma bila kufuatisha kidole, na mke wangu amechaguliwa kuwa mkuu wa idara ya sayansi, yaani walimu wawili na jokofu.

Sijui nianzeje. Nimekuwa Mshirika! Nimeambatisha nakala ya barua, isome mwenyewe. Jina langu litaandikwa kwenye kioo cha mlango mkuu, la tano kutoka juu. Mzee Tai aliniita ofisini kwake juzi, akasimama, akanipa mkono kwa mikono miwili. Akasema, "Umengoja vya kutosha, kijana wangu." Shangazi, nusura nilie mbele ya mwanamume mwenzangu. Wenzangu niliomaliza nao masomo walifanywa washirika miaka minne iliyopita, na kila tulipokutana mahakamani waliniuliza "vipi, bado?" kama watu wanaomuuliza mjamzito.

Chumba kipya kina dirisha. Linatazama ukuta wa jengo la pili, lakini mwanga unaingia.

Tarehe iliyo juu ya barua isikushangaze. Imeandikwa kwamba nimekuwa mshirika tangu tarehe 2 Machi. Mzee Tai anasema uamuzi ulifanyika wakati ule, ila barua ilichelewa kuchapwa. Ni utaratibu tu. Nimepewa hadi tarehe 21 mwezi huu kusaini.

Mwambie Mama, na umwambie taratibu.

Mwanao, Mshirika (karibu)


15 Agosti

Mwanangu,

Mama yako sijamwambia. Ningekupigia simu, lakini simu ya nyumba hii inalala chini ya mto wake, na akinisikia ninavyotaka kuongea presha itampanda.

Barua ya ukurasa mmoja kuchelewa kuchapwa miezi mitano! Mchapaji alikuwa anatumia kidole cha mguu?

Nisikilize mtu wa tarehe. Miaka thelathini na miwili sikufanya kazi nyingine isipokuwa kutazama tarehe. Mtu akirudisha tarehe nyuma, hafanyi kwa mapenzi. Kuna kitu kimetokea katikati, na anataka mtu mwingine awe amesimama pale kilipotokea. Kwa hiyo uliza swali moja tu kabla hujashika kalamu: kati ya tarehe 2 Machi na leo kuna nini kimeharibika katika ofisi hiyo, kinachohitaji mshirika wa kukibeba?

Na wewe jiulize ulikuwa wapi mwezi huo. Mimi nakumbuka. Ulikuwa hapa kwangu na kichupa cha dawa mkononi, unamwambia mama yako atazame juu.

Usisaini kabla hujajua. Hongera nitakupa baadaye, haiozi.

Shangazi yako


22 Agosti

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Sijapata majibu yako, nadhani posta ya huko imelala tena. Nakuandikia haraka kukujulisha kwamba jana nimesaini. Washirika wote wanne walikuwepo. Wakapiga makofi. Leo asubuhi amekuja fundi rangi na brashi zake nyembamba, ameandika jina langu kwenye kioo. Nimepita pale mlangoni mara saba nikijifanya nasahau vitu.

Mke wangu alikuja kuliona. Alisimama akalisoma, kisha akaniuliza, "Kwa nini sasa?" Nikamwambia ni wivu wa walimu.

Mwanao, Mshirika


5 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe 15 Agosti imenifikia jana, imezunguka siku ishirini. Wote huku wazima.

Umeuliza, nakujibu. Mwenye magodoro alishindwa kesi mwezi wa pili, akataka tumkatie rufaa. Siku thelathini zake ziliisha tarehe 17 Machi. Rufaa ilipelekwa tarehe 26. Siku tisa. Mwezi wa saba mahakama ikaitupa, na yeye amelalamika kwa kamati ya nidhamu ya mawakili. Kamati inataka mshirika msimamizi wa faili, na kwenye makaratasi mshirika huyo ni mimi. Kikao ni tarehe 12 Januari.

Mzee Tai ameeleza vizuri kabisa. Kamati ikimwona yeye, mzee mwenye jina, itamfanya mfano. Ikimwona mshirika mpya itatoa onyo na kumtakia kazi njema. Ndivyo kampuni zinavyoishi, mmoja anawakinga wengine, na kesho anakingwa yeye. Hiyo ndiyo maana ya ushirika.

Naomba usiniandikie tena habari za tarehe. Nakuheshimu, Shangazi, lakini wewe ulikaa kidirishani ukigonga mihuri. Miaka thelathini na miwili hukupanda hata cheo kimoja. Uliingia karani, ukatoka karani. Huwezi kujua mtu anajisikiaje kungoja mlangoni miaka kumi na moja, halafu siku anafunguliwa, aulizwe kwa nini.

Mwanao


30 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako mzima, macho yote mawili. Nimekaa na barua yako wiki nane. Siku za kwanza nilikuwa nakutukana jikoni, peke yangu, na matusi mengine yalikuwa mazuri sana, nasikitika hukuyasikia. Baadaye yakaisha.

Umesema sikupanda hata cheo kimoja. Nitakueleza kwa nini. Mara tatu niliandikiwa kuwa mkuu wa masjala, mara tatu nikakataa. Mkuu wa masjala huapa kwamba tarehe zote zilizo kitabuni ni za kweli. Mimi nilikuwa najua moja ambayo si ya kweli, kwa sababu niliigonga mwenyewe.

Ni miaka thelathini na mitatu sasa. Alikuwepo wakili kijana, tai nyekundu, meno mazuri. Kila akileta makaratasi aliegemea kidirishani akaniita mrembo. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na miwili na hakuna aliyekuwa ameniita hivyo tangu nimalize shule. Alikuwa na mteja, mwenye safu ya vibanda vya mafundi, aliyeshindwa kesi na seremala mmoja aliyekataa kuhamishwa. Siku za rufaa zilikuwa thelathini. Siku ya thelathini na tatu kijana yule alikuja na karatasi zake, jasho linamtoka, akasema amesahau, akasema maisha yake yako mikononi mwangu. Mikono yangu ilifurahi kuambiwa hivyo. Nikarudisha mhuri nyuma siku tatu, nikagonga.

Kuna jambo baya zaidi. Siku ya thelathini na moja, Jumatano, saa nne asubuhi, seremala alikuwa amekuja kidirishani. Ameoga, amevaa shati la pasi. Akaniuliza kama kuna rufaa imeletwa. Nikatazama kitabu, nikamwambia hapana, hakuna. Akashukuru, akaondoka anapiga mluzi.

Rufaa ilipokuja kusikilizwa alisimama akasema, "Mimi niliuliza muda ulipokwisha, nikaambiwa hakuna. Aliyenijibu ni yule dada pale." Nilikuwa nimeleta kitabu cha masjala; Jaji akanigeukia. "Karani, unakumbuka?" Nikasema, "Sikumbuki, Mheshimiwa." Mke wa seremala alikuwa benchi la nyuma. Hakunitazama mimi. Alimtazama mumewe.

Wakanyang'anywa kibanda. Na yule wakili kijana, wiki iliyofuata, alipokuja kidirishani akaniita dada.

Huyo ndiye Mzee Tai wako. Na sasa pokea la mwisho, kwa kuwa nimeanza nimalize. Ulipoomba mafunzo, matokeo yako yalikuwa mazuri, lakini na ya wale mia mbili wengine yalikuwa mazuri. Nilimwandikia mstari mmoja: "Bado nakumbuka tarehe." Ukachukuliwa. Nilidhani nimekufanyia wema. Nilikupeleka mwenyewe kwa mtu niliyemjua, na miaka kumi na moja nikakaa hapa kuchekesha watu kwa barua.

Sikuambii ufanye nini tarehe 12 Januari. Sina haki hiyo. Nakuambia tu kwamba neno "sikumbuki" lina herufi tisa, na mimi nimekaa nalo miaka thelathini na mitatu.

Shangazi yako


20 Februari

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ya Oktoba niliipata, na sikujibu kwa sababu nilikuwa nimekukasirikia kuliko nilivyomkasirikia Mzee Tai. Mia mbili na ushee! Hadithi hiyo nimewasimulia wanafunzi wa mafunzo kila mwaka, nikiwaambia wajitahidi kama mimi. Mke wangu ndiye aliyenisomea barua yako kwa mara ya pili, kwa sauti. Alipomaliza akasema, "Angalau yeye amesema." Akaenda kusahihisha mitihani.

Sasa nami niseme. Mwezi wa nane nilijua. Sikujua yote, lakini nilikuwa nimemwona mwenye magodoro akipiga meza, na niliposoma tarehe ile niliikunja barua haraka nisiione tena. Ndiyo maana nilikuandikia kwamba isikushangaze, wakati hujasema kwamba inakushangaza.

Kikao kilikuwa kwenye chumba cha mikutano chenye saa iliyosimama. Wajumbe watatu. Mwenyekiti ni mama mmoja mfupi, sauti ndogo, kalamu haitoki mkononi. Mzee Tai alikaa kando yangu, ameweka mkono begani kwangu kama baba.

"Wewe ndiye mshirika msimamizi wa faili hili?"

"Nimeandikwa hivyo."

"Sikukuuliza ulivyoandikwa."

Mkono wa Mzee Tai ukawa mzito. Nikasema, "Hapana. Faili hilo sikulishika mpaka rufaa ilipokwisha kutupwa."

"Umekuwa mshirika tangu lini?"

"Kwa barua, tangu tarehe 2 Machi. Kwa kweli, tangu tarehe 21 Agosti. Nilisaini nikijua tarehe iliyo juu si ya kweli."

Mzee Tai akakohoa. "Mwenyekiti, kijana amefanya kazi sana, amechoka. Naomba tupumzike dakika kumi."

"Umechoka?" akaniuliza yule mama.

"Nimechoka, lakini si leo."

"Tarehe 17 Machi ulikuwa wapi?"

"Nyumbani kwa shangazi yangu. Namtilia mama yangu dawa ya jicho."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Jicho lipi?"

"La kushoto."

Akaandika, nadhani, "la kushoto." Mkono ukaondoka begani kwangu, na sikuuona tena.

Matokeo haya hapa. Mimi nimesimamishwa uwakili miezi minne kwa kusaini tarehe ya uongo. Ni haki, silalamiki, ingawa jioni nalalamika kidogo. Mzee Tai amepewa onyo kali la maandishi. Wiki mbili baadaye alialikwa kuwahutubia mawakili wapya. Mada: kutunza muda. Nasikia alipigiwa makofi. Mwenye magodoro alichukua uamuzi wa kamati akaupeleka mahakamani, na juzi ameruhusiwa kukata rufaa nje ya muda. Alinipigia simu, akanitukana dakika tano bila kupumua, kisha akaniuliza nikirudi kazini nitakuwa wapi, ana jambo la wafanyakazi anataka ushauri.

Nitakuwa kwa wakili mmoja niliyesoma naye, mwanamke anayewatetea wapangaji na wafanyakazi wa nyumbani. Ofisi yake ni chumba kimoja juu ya duka la vioo. Nilimuuliza nitakuwa na cheo gani. Akanitazama. "Utakuwa wa pili," akasema, "mimi wa kwanza, na tuko wawili."

Jina langu limekwanguliwa kwa wembe kwenye kile kioo. Nilikuwa pale nachukua vitabu vyangu. Fundi rangi alikuwa yuleyule. Akaniomba radhi, akaanza na herufi za mwisho.

Seremala yuko hai?

Mwanao


3 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Goti langu limefanya kazi mwezi huu kuliko mwaka mzima. Mama yako nimemwambia yote, yako na yangu. Siku mbili dirisha likakaa wazi usiku na mchana, hakuna aliyeligusa. Siku ya tatu akaniambia, "Sasa ulimwambia Jaji hukumbuki, na mimi unanikumbusha kila siku nilivyokuvunjia sahani?" Tukacheka mpaka miwani yake myeusi ikaanguka.

Kwanza nilimwandikia msajili mkuu wa mahakama, kurasa tatu, tarehe zote, jina langu kamili. Jibu limekuja haraka ajabu. Wanasema jalada hilo liliteketezwa kwa mujibu wa kanuni, na kwamba kwa hiyo hakuna la kufanya. Halafu wamenishukuru kwa utumishi wangu uliotukuka. Uliotukuka, mwanangu! Nilikaa masjala muda wote ule sijapata hata kadi, nimeungama kosa nikapewa sifa.

Seremala yuko hai. Anafanya kazi uani kwa mkwewe, anatengeneza fremu za vitanda. Nilimjua kwa mabega. Yeye hakunijua, nilipokuwa kijana aliniona kupitia kidirisha, uso tu na mkono mmoja, na siku ile moja mahakamani. Nikamwambia, "Mimi ndiye yule karani." Akaweka chini randa. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Nilitegemea anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nimevaa hata viatu vya kukimbilia, kama goti lingekubali.

Akauliza kitu kimoja. "Unaweza kuyasema hayo mbele ya mke wangu?"

Nikamwambia naweza. Akasema, "Kibanda kilikwenda, nikazoea. Lakini siku ile nilitoka nyumbani nimeoga, nimevaa shati la pasi, nikamwambia mke wangu naenda mahakamani. Wewe ukasema hukumbuki. Miaka thelathini na mitatu ananiuliza ile Jumatano nilikuwa kwa nani."

Akamwita. Alikuja mwanamke mrefu, mikono ina unga, akaniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni, nikajua tayari ananihesabia kwenye orodha ya wanawake wa mumewe. Nikakaa kwenye fremu ya kitanda isiyo na godoro. Nikasema kama vile nilivyopaswa kusema mbele ya Jaji: "Mumeo alikuja masjala. Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi. Shati lilikuwa jeupe, limepigwa pasi, kola imegeuka kidogo upande wa kulia. Aliniuliza kama kuna rufaa, nikamjibu hakuna. Alisema ukweli. Mwongo ni mimi."

Seremala alikuwa ametugeuzia mgongo, anapiga randa mahali palipokwisha kuwa laini zamani. Mkewe alifuta unga mikononi, kidole kimoja kimoja. Machozi yalimtoka, akayaacha yashuke. Akamwendea mumewe, akaweka mkono mgongoni kwake, nao ukakaa hapo muda mrefu. Nikaanza kutafuta mkoba wangu, maana si pa kukaa mgeni.

Ndipo nikamsikia anamwambia, kwa sauti ya upole kabisa:

"Haya. Jumatano nimeikubali. Na ile Ijumaa yake, ulikuwa kwa nani?"

Shangazi yako